Puli Iliyolika: Namna ya Kupata Badala Yake kwa Bei Nafuu



Katika kurasa hizi wenzangu hupenda kuandika habari za mpira, safari na mashairi. Mimi leo naleta somo la chuma. Msishangae. Wengi wetu tumeletwa shuleni na lori, au kamyo kama tusemavyo huku kwetu. Ama lilitubeba sisi na masanduku yetu, ama lilibeba maharagwe, kahawa na ndizi zilizouzwa ili ada ya shule ipatikane. Lori likilala barabarani, yupo mtoto mahali fulani atakayechelewa shuleni. Nayajua hayo kwa kuwa mtoto huyo nilikuwa mimi.

Baba yangu mdogo ana lori kuukuu lifanyalo kazi kati ya Muyinga na Gitega kwa njia ya Karuzi. Mwaka juzi puli ya pampu ya maji ililika, mkanda ukawa unateleza na kulia kama mbwa aliyekanyagwa. Alipouliza puli mpya alitajiwa bei ya mbuzi watatu, na tena haikuwapo. Sharti iagizwe ng'ambo, na fedha za kigeni ni adimu nchini. Ndipo mtu mmoja alipomletea puli iliyotolewa katika gari lililokufa, kwa bei ya kuku wawili. Matundu yake manne yakaingia kwenye bolti sawasawa. Mkanda ukavutwa kidogo, ukakaa. Injini ikanguruma. Baba mdogo akanitazama akacheka, "Umeona, mwanangu? Kumbe tulitaka kutupa mbuzi wetu bure."

Safari ya kwanza lori lilikuwa tupu, nalo halikuonyesha ubaya wowote. Safari ya pili lilikuwa limejaa maharagwe. Tulipokuwa tukipanda mlima, mshale wa joto ulipanda pamoja nasi, mvuke ukatoka, na kabla hatujapata mahali pa kusimama gasketi ilikuwa imekwisha ungua na silinda hedi imepinda. Matengenezo yalikula akiba yote ya msimu. Mimi nilirudi shuleni wiki tano baada ya wenzangu.

Je, kosa lilikuwa nini? Puli ile haikuwa mbovu. Ilikuwa nzima, ngumu, nzuri kuliko ya kwanza. Kosa ni kwamba hatukuipima. Baadaye tuliipeleka kwa mzee mmoja mkereza vyuma hapa Gitega. Nilimwamkia, nikamwambia kwamba tunataka puli ya lori la namna fulani. Akasema, "Kijana, mimi jina la gari halinisaidii. Nipe vipimo." Maneno hayo ndiyo somo langu lote. Badala iliyo nzuri haitafutwi kwa jina la gari wala kwa kukadiria kwa macho. Hutafutwa kwa vipimo. Sasa twende hatua kwa hatua.

I. KAZI YA PULI

Puli ni gurudumu lenye mfuo ukingoni, ambamo mkanda hupita. Mbele ya injini kuna puli iliyofungwa kwenye krenkishafti. Hiyo huvuta mkanda, na mkanda huzungusha puli nyingine: ya pampu ya maji, ambayo katika malori mengi ya zamani hubeba na feni, ya alteneta, itengenezayo umeme, na katika baadhi ya malori hata ya kompresa ya hewa ya breki. Basi puli moja ikiharibika, lori laweza kukosa maji baridi, taa, au breki.

Mkanda wa malori ya zamani una umbo la kabari: mpana juu, mwembamba chini. Mkanda wa mpira wa namna hii ulitengenezwa na John Gates katika mji wa Denver, Marekani, mwaka 1917, na umbo lake halijabadilika sana mpaka leo. Siri yake ni moja: mkanda haushiki kwa tumbo, hushika kwa mbavu. Ukipiga kabari ndani ya gogo, kabari hubana gogo kwa pande zake mbili, wala ncha yake haihitaji kugusa mwisho wa ufa. Na mkanda hali kadhalika. Mfuo wenye pembe ya nyuzi 38 hufanya mkanda ushike karibu mara tatu kuliko mkanda bapa uliovutwa kwa nguvu ile ile. Wenzangu wa darasa la fizikia wagawe 1 kwa saini ya nyuzi 19, wataona wenyewe.

Sasa fikiri puli ikilika. Vumbi la barabara zetu huingia kati ya mkanda na chuma, likasaga kama msasa. Kuta za mfuo zachimbika kama mgongo wa kijiko, mkanda wazama, na hatimaye tumbo lake lagusa chini. Hapo kabari imekwisha kuwa mkanda bapa, na nguvu zile mara tatu zimepotea. Mkanda wateleza, wapata moto, wakatika. Mwenye lori hununua mkanda mpya, nao wakatika tena baada ya muda mfupi. Hulaumu mikanda, kumbe mgonjwa ni puli.

II. KUITAMBUA PULI ILIYOLIKA

Zima injini kwanza, utoe ufunguo. Usipime kitu chochote karibu na mkanda unaokwenda. Kisha tazama mambo manne.

Kwanza, tazama chini ya mfuo. Kukiwa kunang'aa kama sarafu, mkanda unagusa chini. Katika puli nzima ni kuta zinazong'aa, siyo chini.

Pili, weka kipande cha mkanda mpya wa kipimo kile kile ndani ya mfuo. Mgongo wake uwe sawa na ukingo wa puli au juu yake kidogo. Ukizama zaidi ya milimita 1.5 hivi, puli imekwisha.

Tatu, kata kabari ya karatasi ngumu kwa kutumia kipima pembe cha mkebe wako wa hesabu, uiweke ndani ya mfuo na utazame nuru. Kukiwa na mwanya unaokaribia milimita 1 kati ya karatasi na ukuta, ukuta umechimbika. Angalia lakini: puli ndogo huwa na pembe ya nyuzi 34, na kubwa nyuzi 38. Kata kabari zote mbili.

Nne, kama puli ni ya chuma cha kusubu, ining'inize kwa kamba na uigonge kwa nyundo ndogo. Iliyo nzima hulia kama kengele. Iliyopasuka hulia kama chungu chenye ufa, hata kama ufa wenyewe hauonekani. Puli yenye ufa usiitumie wala usiichomelee. Ikivunjika kwa mwendo, vipande vyake hutupwa kwa nguvu kubwa.

III. VIPIMO VITANO

Kabla ya kwenda sokoni au kwa mkereza, andika vipimo hivi kwenye karatasi.

1. Kipenyo. Pima kwa kalipa. Huna kalipa? Zungusha uzi kwenye ukingo wa puli, pima urefu wa uzi, gawanya kwa 3.14. Uzi ukiwa milimita 471, kipenyo ni milimita 150. Puli ya zamani na ya badala zipimwe mahali pamoja, ukingo kwa ukingo.

2. Mfuo. Soma mgongo wa mkanda. Mikanda ya magari ya zamani mara nyingi huwa na upana wa juu wa milimita 10 au 13, na alama kama 13x1000 maana yake upana ni milimita 13 na urefu milimita 1,000. Mfuo wa badala uwe wa upana huo huo. Tena puli zote zinazopitiwa na mkanda mmoja ziwe na mfuo wa namna moja.

3. Tundu la kati na matundu ya bolti. Pima kipenyo cha tundu la kati, kisha umbali kati ya matundu mawili ya bolti yanayoelekeana.

4. Kimo cha mfuo. Laza puli juu ya meza, upande unaofungwa kwenye injini ukiwa chini. Pima kutoka mezani mpaka katikati ya mfuo. Watu wengi hukisahau kipimo hiki, nacho ndicho kinachofanya mkanda uende sawa au uende upande.

5. Uzito na unene. Shika puli mbili, moja kila mkono. Ikiwa ya badala ni nzito sana, beringi na shafti zitabeba mzigo ambazo hazikuumbiwa.

IV. HESABU YA MWENDO

Hapa ndipo sisi tulipoanguka. Kanuni ni rahisi: mwendo wa puli inayovutwa ni mwendo wa injini ukizidishwa kwa kipenyo cha puli ya krenkishafti, ukagawanywa kwa kipenyo cha puli inayovutwa.

Puli ya krenkishafti ya lori letu ina milimita 150. Puli ya kwanza ya pampu ilikuwa na milimita 120. Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika:

2,000 × 150 ÷ 120 = 2,500

Puli ile ya bei ya kuku ilikuwa na milimita 150:

2,000 × 150 ÷ 150 = 2,000

Pampu ilipoteza mizunguko 500 kwa kila dakika, yaani sehemu moja katika tano. Na kwa kuwa feni ilikuwa juu ya shafti ile ile, upepo nao ukapungua. Lori tupu halikuona tofauti. Lori lenye mzigo, likipanda kwa gia ya chini na upepo wa safari ukiwa haba, lilikosa maji na upepo wakati lilipovihitaji sana.

Tena tukumbuke tunakaa wapi. Gitega na Muyinga ziko kiasi cha mita 1,500 au zaidi juu ya usawa wa bahari. Kwa kila mita 300 hivi za kupanda, maji huchemka kwa joto lililopungua kwa digrii 1. Kwa hiyo maji ya sufuria huku kwetu huchemka kwa digrii 95 hivi, siyo 100. Lori litokalo Bujumbura, karibu na ziwa lililo mita 770 hivi, likapanda mpaka Bugarama kupita mita 2,000, hufika mahali ambapo maji huchemka kwa digrii 93 hivi. Kifuniko cha rejeta kinachobana mvuke husaidia, lakini kikichoka hakina msaada. Lori la milimani halina akiba ya kupoteza sehemu moja katika tano.

V. NJIA NNE ZA KUPATA BADALA

Sisi wa Gitega na Muyinga si wa kwanza kupatwa na shida hii. Mafundi wa Buyenzi kule Bujumbura, wa Gerezani huko Dar es Salaam, wa Katwe mjini Kampala, na wa Kamukunji jijini Nairobi, wamejipatia riziki kwa kufanya vya kale kuwa vipya. Njia zao ni hizi.

Ya kwanza: kukereza puli ile ile. Ikiwa kuta bado ni nene, mkereza huzisafisha kwa mashine mpaka zinyooke tena. Lakini kila kitu kina bei yake. Mfuo ukipanuliwa kwa nusu milimita kila upande, mkanda hushuka karibu milimita 1.5, na kipenyo chake cha kazi hupungua karibu milimita 3. Kidogo hicho hakidhuru. Lakini ukirudia mara kwa mara, mkanda utafika chini tena, na kuta zitakuwa nyembamba mno. Kereza mara moja, kisha tafuta nyingine.

Ya pili: puli ya gari lililokufa. Hii ndiyo njia nafuu kuliko zote, ikiwa vipimo vitano vimefuatwa. Usijali likiwa ni gari la jina jingine. Tundu la kati likiwa dogo, hukerezwa likaongezwa. Likiwa kubwa, hutiwa bushi ya chuma. Mwambie mkereza aanze kupima kutoka kwenye mfuo, siyo kutoka kwenye tundu la zamani. Tundu likikaa kando hata kidogo, puli itayumba na kuua beringi.

Ya tatu: puli ya mashine ya kusaga. Katika maduka ya vyuma huuzwa puli za chuma cha kusubu kwa ajili ya mashine za unga. Zenye alama A ni za mkanda wa milimita 13, zenye alama B ni za milimita 17. Lakini mashine ya kusaga hukaa mahali pamoja, na lori hutikisika. Tena angalia mwendo wa ukingo. Puli za namna hiyo kwa kawaida hazitakiwi kupita mita 33 kwa sekunde. Puli ya milimita 150 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ukingo wake hukimbia mita 23.6 kwa sekunde, ni salama. Ya milimita 250 kwa mizunguko hiyo hiyo hukimbia mita 39; hiyo ni hatari, iache.

Ya nne: kusubu mpya. Wako mafundi wanaoyeyusha pistoni kuukuu za aluminiamu na kuzimimina katika kalibu ya mchanga, kama wafanyavyo masufuria. Mmiminiko huo ukikerezwa vizuri waweza kuwa puli ya kukazia mkanda, ambayo hazungushi kitu bali huelekeza mkanda tu. Aluminiamu ni laini, na vumbi letu huila upesi, kwa hiyo iangaliwe kila mwezi.

Watu wengine huuliza juu ya mti. Ni kweli kwamba zamani viwanda vya Ulaya na Marekani vilitumia puli nyingi za mbao, lakini zilikuwa za mikanda bapa, ndani ya nyumba, pasipo mvua wala mafuta. Usiufunge mti mbele ya injini ya lori.

VI. MARA NYINGINE SI PULI, NI BERINGI

Kabla ya kuitupa puli ya kukazia mkanda, izungushe kwa mkono. Ikikwaruza au ikicheza, na mfuo wake ungali mzima, yawezekana beringi peke yake ndiyo iliyokufa. Wauzaji wengine huuza puli na beringi pamoja kwa bei kubwa. Ondoa beringi, ifute, usome namba iliyochapwa ubavuni.

Tuseme imeandikwa 6203. Tarakimu 6 hutaja aina ya beringi, 2 hutaja ukubwa wa mwili wake, na 03 hutaja tundu. Kwa tundu, 00 ni milimita 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17. Kuanzia 04, zidisha kwa 5: 04 ni milimita 20, 05 ni 25, na kuendelea. Beringi 6203 ina tundu la milimita 17, kipenyo cha nje milimita 40, na unene milimita 12. Vipimo hivyo ni vile vile iwe imetengenezwa Sweden, Japani au China, iwe imetoka katika lori au katika mota ya umeme. Namba hiyo ni lugha moja ya dunia nzima, na anayeijua hafungwi na duka moja.

Tazama na herufi. ZZ maana yake imefunikwa kwa bati, 2RS imefunikwa kwa mpira. Kwa vumbi na matope yetu 2RS hufaa zaidi. C3 maana yake ndani mna nafasi iliyozidi kidogo, kwa ajili ya joto. Kama ya zamani ilikuwa C3, tafuta C3. Beringi isiyo na namba iliyo wazi, au yenye maandishi yanayofutika kwa kidole, iache dukani.

Beringi ya pampu ya maji ni jambo jingine. Mara nyingi imeumbwa pamoja na shafti yake, na haipatikani kwa namba hizi.

VII. VISIVYOBADILISHWA OVYO

Kuna vitu viwili ambavyo mwenye haki ya kuvibadilisha ni yule tu aliye na kipuri cha gari lenyewe.

Kimoja ni puli ya krenkishafti yenye mpira ndani yake. Ukiitazama utaona pete mbili za chuma na duara la mpira kati yake. Mpira huo si pambo. Kila silinda inapowaka huipotoa krenkishafti kidogo, na duara lile huyatuliza matetemeko hayo. Ukiweka puli ya chuma kitupu, lori litakwenda, nawe utasifiwa. Lakini matetemeko yataichosha krenkishafti mpaka siku moja ikatike. Aliyeokoa bei ya puli atalipa bei ya injini.

Kingine ni puli za mkanda wenye meno unaoendesha vali. Hapo jino moja likiruka, pistoni zaweza kugonga vali.

VIII. KUFUNGA NA KUKAZA

Badala nzuri ikifungwa vibaya ni badala mbaya. Nyosha uzi mbele ya nyuso za puli mbili zenye ukingo wa unene mmoja. Uzi uguse sehemu nne, mbili kila puli. Kama kingo zake hazilingani, pima kutoka kwenye uzi mpaka katikati ya kila mfuo. Zikiachana kwa zaidi ya milimita 2 au 3 katika kila sentimita 30, rekebisha kwa washa. Kisha kaza mkanda mpaka, ukiubonyeza kwa kidole gumba katikati ya nafasi ndefu, ubonyee milimita 10 hadi 15. Ukiwa na kitabu cha gari, fuata kitabu. Ukilegea utateleza, ukikazwa mno utaua beringi. Penye mikanda miwili inayokwenda sambamba, badilisha yote miwili kwa pamoja. Baada ya safari ya kwanza, simama, zima injini, na ukaze tena.

MWISHO

Mzee mkereza alitutafutia puli katika rundo la vyuma vyake. Ilikuwa na milimita 120, mfuo wa 13, kimo sawa. Tundu tu lilizidi, akalitia bushi. Hatukumlipa bei ya mbuzi hata mmoja. Lori linakwenda mpaka leo. Baba mdogo ameandika vipimo vya puli zake zote kwa rangi nyeupe nyuma ya mlango wa dereva, na mtu akimletea kipuri cha bei ya kuku, jibu lake ni moja: "Kilete mlangoni tukione."

Nawaomba ninyi wanafunzi wa zamani mlio na malori mfanye hivyo: siku lori lingali zima, fungueni daftari, mwandike vipimo vitano vya kila puli na namba ya kila beringi. Nanyi wenzangu, likizo ijayo chukueni uzi, rula na kipima pembe, mwende gereji iliyo karibu na kwenu. Mafundi wana mikono, sisi tuna hesabu. Tukikutana pamoja, wengi hawatachelewa shuleni.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Puli ya krenkishafti ina milimita 160, ya alteneta milimita 80. Injini inazunguka mara 1,500 kwa dakika. Alteneta inazunguka mara ngapi? Ukiweka puli ya alteneta ya milimita 100, je?

2. Uzi uliozungushwa kwenye puli una urefu wa milimita 377. Kipenyo ni nini?

3. Beringi imeandikwa 6305 2RS. Tundu lake ni milimita ngapi, na imefunikwa kwa nini?

Majibu: 1. Mara 3,000, kisha mara 2,400. 2. Milimita 120. 3. Milimita 25, kwa mpira.

Mwanafunzi wa darasa la mwisho, Gitega